Sikio la Mtu wa Chini

Watu wengi wa Arusha wanaomfahamu Elihuruma wanamfahamu kwa miguu yake. Ndiyo sehemu ya mwili wake wanayoiona mara nyingi: buti mbili zinazoning'inia katikati ya majani, mkanda uliomkaza kiunoni, kamba iliyoshuka hadi chini, na matawi makavu yakiteremka moja moja taratibu kama mizigo inayoshushwa darini. Sauti yake hawaijui sana. Ni mtu wa maneno machache, na kwa miaka mingi walidhani hiyo ni tabia tu.

Alizaliwa upande wa Poli, kwenye miteremko ya Meru, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hushuka hadi kwenye migomba na kukaa humo kama mgeni asiyetaka kuaga. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba kubwa la kahawa, na kazi ya kwanza ya Elihuruma ilikuwa kukwea miti ya kivuli na kuipunguza matawi, ili kahawa ipate jua la kiasi chake. Huko ndiko alikojifunza kwamba tawi likikatwa vibaya jeraha halifungi. Maji yanaingia, na kuoza kunaanza kwa ndani, polepole, huku majani ya juu yakiendelea kuwa kijani na kumdanganya kila mtu.

Shamba lilipouzwa na kahawa ikang'olewa, alihamia mjini na kamba zake, akaanza kugonga mageti.

"Unakata miti?" walimwuliza.

"Natibu miti."

Walimcheka. Baadaye wakaacha, maana mvua kubwa zilipokuja na upepo wake, miti aliyoipunguza yeye ilibaki imesimama huku mingine ikilalia mapaa ya watu. Akanunua pikapu kuukuu, akaandika ubavuni DAKTARI WA MITI, na chini yake namba ya simu. Sifa yake ilikuwa moja, na aliilinda kama wengine wanavyolinda hati za viwanja vyao: hakuangusha mti ulio hai na afya yake. Mwenye nyumba angeweza kulalamika kuhusu majani kwenye bati, mizizi kwenye ukuta, kivuli kwenye nguo zilizoanikwa. Elihuruma alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mti huu mzima, tutaupunguza tu. Ila akisema mti huu umekwisha, hakuna aliyebisha. Alikuwa amejipatia haki hiyo.

Lesikar aliingia katika maisha yake kwa bahati. Alikuwa mlinzi wa nyumba moja Engutoto, Mwarusha kutoka ng'ambo ya magharibi ya mlima, mrefu, mwenye mikono mizito iliyozoea ng'ombe. Siku hiyo kibarua wa Elihuruma aliteleza, na tawi kubwa lililofungwa kamba likaanza kushuka kwa kasi kuelekea paa la jikoni. Lesikar alilitupa rungu lake, akaikamata kamba, akajizungushia kiunoni na kuketi chini kama mtu anayemzuia fahali. Tawi likasimama hewani, likicheza. Elihuruma alichungulia kutoka juu akaona kichwa cha mtu asiyemjua.

"Bwana, unajua kazi hii?"

"Sijui," Lesikar alijibu huku akitweta. "Ila najua kutoachia."

Kuanzia mwezi uliofuata wakawa wawili: mtu wa juu na mtu wa chini. Mtu wa juu anaona matawi, mtu wa chini anashika kamba. Kamba ikivutwa mara moja ni simama, mara mbili ni legeza. Hakuna kubishana, kwa sababu aliye juu hana cha kushikilia zaidi ya mkono wa yule aliye chini. Elihuruma alipopata mtoto wake wa kwanza, Naserian, Lesikar alileta kondoo. Kwa desturi ya kwao Lesikar, watu waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Paker, wote wawili, huyu akimwita yule na yule akimwita huyu, mpaka kaburini. Penina, mke wa Elihuruma, aliona jambo hilo la kuchekesha sana mwanzoni. "Sasa nikiita Paker mje kula, ataitika nani?" Waliitika wote.

Mtu wa chini ndiye aliyeligundua tatizo. Chenso, ule msumeno wa injini, ni mashine yenye makelele, na katika miaka ile ya mwanzo Elihuruma aliiwasha kando ya sikio bila kuziba kitu chochote. Sauti nyembamba zilimpotea kwanza: ndege, kisha simu. Maneno ya watu aliendelea kuyapata akiwatazama midomo. Lakini kuna jambo katika kazi yake lisilokuwa na midomo. Kabla ya kuamua lolote juu ya mti mkubwa, fundi huuzunguka akiligonga shina kwa nyundo ya mbao, kuanzia kwenye mizizi hadi mkono wake unapofika. Mti mzima hujibu kwa ufupi, kama mlango mgumu. Mti uliooza ndani hujibu kwa kina, kama pipa tupu. Siku moja kule Tengeru aligonga mkaratusi, akagonga tena, akahisi mtikisiko kiganjani, lakini hakusikia kitu.

Lesikar akaichukua ile nyundo mkononi mwake bila kumwaibisha.

"Wewe angalia juu, Paker. Chini niachie mimi."

Hakuna mteja aliyejua. Penina peke yake aliambiwa. Tangu siku hiyo hukumu ya kila mti ilitoka kwa watu wawili: macho ya Elihuruma na sikio la Lesikar. Aliyekuja mbele ya mteja kuitamka alikuwa Elihuruma, na jina lililoandikwa kwenye pikapu halikubadilika.

* * *

Mringaringa wa Kijenge ulikuwa kwenye ua wa Mama Bhavna, mjane ambaye familia ya mumewe iliuza vitambaa mjini tangu enzi za babu zao. Ulikuwa mti mpana, wenye majani makubwa kama sahani, na kila ulipochanua maua yake meupe nyuki walijaa mpaka ua mzima ukanguruma. Marehemu mumewe alipenda kunywa chai yake ya saa kumi chini yake. Mama Bhavna aliendelea kuinywa hapo hapo, na kiti cha pili hakukiondoa.

Upepo wa Aprili ulivunja tawi moja likapasua bati la stoo. Akamwita fundi wake.

Elihuruma alipanda. Huko juu aliona mambo mema: vikonyo vipya, gome lililobana, majeraha ya zamani aliyoyakata mwenyewe yakiwa yamejifunga vizuri. Alishuka akiwa na furaha kidogo. Chini alimkuta Lesikar amepiga magoti, nyundo mkononi, akitikisa kichwa.

"Tupu," alisema. "Kuanzia hapa hadi kifuani kwangu. Pipa kabisa, Paker."

"Juu ni mzima."

"Juu huwa mzima. Si wewe uliyenifundisha?"

Ni kweli, yeye ndiye aliyemfundisha. Elihuruma aliweka kiganja kwenye shina, kana kwamba shina lingemwambia. Kisha akaenda mezani kwa Mama Bhavna.

"Mama, mti umeoza ndani. Upepo mwingine kama ule utaulaza juu ya chumba unacholala."

Mama Bhavna aliweka kikombe chini. "Fundi, si wewe uliyeniambia kwamba huu utatuzika sote?"

"Ni mimi, mama."

"Mume wangu mti ulishamzika, sasa umechoka?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Alilisema neno hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Baadaye ndilo lililomnyima usingizi, kuliko yote.

Kibali cha kuukata kilipatikana. Walianza na matawi, wakayashusha kwa kamba hadi shina likabaki limesimama peke yake kama nguzo, jeupe mahali lilipokatwa. Elihuruma alitaka kulikata vipande vifupi. Lesikar akasema bustani ina nafasi, waliangushe zima, vinginevyo watapoteza siku bure. Neno hilo lilimpita Elihuruma jinsi upepo unavyompita mtu aliye kazini.

Aliinama na chenso chini ya shina. Mnyororo uliingia, na aliusubiri ule wepesi wa ghafla, mashine inapofika penye uoza ikadumbukia kama mguu kwenye shimo. Haukuja. Mashine iliendelea kufanya kazi nzito, ya haki. Unga uliokuwa ukimrukia kwenye buti haukuwa mweusi wala majimaji kwa uoza. Ulikuwa wa rangi ya asali, mkavu, wenye harufu safi ya mbao ya mringaringa, harufu ya kabati jipya.

Akazima mashine.

Kuna wakati katika kazi hii ambapo huwezi kurudi nyuma. Mti usio na tawi hata moja, uliokwisha kuliwa nusu ya kiuno chake, hauachwi umesimama kwenye ua wa watu. Elihuruma alikuwa amepiga magoti mbele ya kitu kizima kabisa, na ilimpasa aimalize kazi.

Aliinua macho. Lesikar alikuwa upande wa pili wa bustani akiikaza kamba ya kuelekezea shina. Alikuwa akiitazama kamba. Aliitazama sana.

"Vipi, Paker? Maliza, upepo unaanza."

Majani ya ndizi ya jirani hayakuwa yakitikisika hata kidogo.

Akamaliza. Shina lilianguka palepale lilipopaswa kuanguka, na ardhi ikapiga nyayo zao. Mama Bhavna alitoka akiwa amejifunika mtandio, akasogea hadi kwenye kisiki, akakiangalia kutoka ukingo hadi ukingo. Kilikuwa kimejaa, duara ndani ya duara, bila tundu hata la sindano.

"Uwazi uko wapi?" aliuliza.

Elihuruma alifungua mdomo. Lesikar akamtangulia. "Uko juu zaidi kidogo, mama. Ndani ya lile gogo. Ukiuona utaogopa."

Na kabla hajamaliza kusema, geti lilifunguliwa, lori likaingia kinyumenyume, na vijana wenye minyororo ya kufungia magogo wakaruka chini. Elihuruma hakuwa ameita lori lolote.

* * *

Waliondoka na pikapu, wakapita Sanawari. Kisha Elihuruma akaegesha pembeni, akageuka ili amwone midomo vizuri.

"Nani ameliita lile lori?"

"Kuna mtu ana karakana ya vitanda. Mringaringa mkubwa vile hapati siku hizi."

"Aliujua tangu lini?"

Lesikar alikung'uta unga wa mbao gotini.

"Ulipogonga, ulisikia nini?"

"Nilisikia mti." Lesikar aligeukia dirishani, kisha, kwa sababu alijua mwenzake hatasikia hivyo, akageuka tena na kuongea uso kwa uso. Hata hapo alimfanyia hisani hiyo. "Unajua watu wananiitaje? Kijana wa daktari. Kijana! Mimi nina wajukuu. Miti yote hii mjini mimi ndiye niliyeisikiliza, wewe ukaenda ukasema 'nina hakika' ukapewa chai. Mimi nikapewa chai ya getini, pamoja na mlinzi. Sikio langu limekulisha, Paker, na jina langu haliko hata kwenye mlango wa gari."

"Ungeniambia."

"Mtu anaambiwa jambo analoliona kila asubuhi akifungua mlango wa gari lake?"

Lililomchoma Elihuruma ni kwamba ndani ya maneno hayo kulikuwa na ukweli, na ukweli huo ulikuwa umetumiwa kama mpini wa shoka. Mtu mwingine yeyote angemwibia chenso, au wateja, au hilo pikapu lenyewe. Huyu aliingia mahali ambapo watu watatu tu walijua kwamba pana mlango.

"Shuka, Lesikar," alisema.

Lesikar alishtuka kama aliyepigwa kofi. Kilikuwa kimepita kipindi kirefu mno tangu alisikie jina lake likitoka kwenye mdomo huo. Alishuka, akafunga mlango polepole.

Penina alipoyasikia alikaa chini kwenye kigoda cha jikoni, mwiko mkononi. "Kondoo yule tulimla sisi," alisema. "Tulimla na mafuta yake niliyanywa nikiwa mzazi." Kisha akasema kwamba lazima mama yule wa Kijenge aambiwe, hata kama itawagharimu.

Elihuruma alikwenda. Kiti cha pili kilikuwa bado pale, juani sasa, kikiwa hakina kivuli wala sababu. Alisimama mbele ya Mama Bhavna akamweleza yote: mti ulikuwa mzima, mwenzake alidanganya, gogo liliuzwa.

"Na wewe kwa nini hukugonga mwenyewe?"

"Sisikii, mama."

"Husikii nini?"

"Mti. Simu. Ndege. Nakusikia wewe kwa sababu nakutazama."

Elihuruma alisubiri matusi, akatamani yaje. Mama Bhavna alizungumza taratibu, akihakikisha kila neno limemfikia.

"Kwa hiyo ule mti wa mfuruanje wa wifi yangu Rekha, pale nyuma ya hospitali, uliouangusha mwaka juzi. Na ile miti ya kanisani kwenu. Na ule wa shule. Yote alisikiliza yeye?"

"Yote."

"Na ilikuwa imeoza?"

Swali hilo lilikuwa halijamfikia kabla ya hapo. Lilimwingia kama maji yanavyoingia kwenye jeraha bovu. Alipita akilini kwenye miti yote aliyowahi kuihukumu kufa, na mbele ya kila mmoja alimwona mtu amepiga magoti na nyundo, akitikisa kichwa.

"Sijui, mama," alisema.

"Basi nenda ukamwulize," Mama Bhavna alisema, akanyanyuka akaingia ndani. Hakumwita tena.

* * *

Alikusudia kwenda kumwuliza. Alijiandaa Jumamosi nzima. Alijua atakavyosimama, upande gani wa mwanga ili amsome midomo. Jibu lolote angelipokea, mradi litoke kwa mtu anayetazamwa machoni. Lakini Jumapili, watu walipotoka ibadani, Lesikar alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwa Elihuruma, amevaa koti safi, na mkononi alishika jani la isale.

Lesikar si Mmeru kama Elihuruma. Kwao huombana msamaha kwa majani mengine. Lakini alikuwa amekula katika nyumba hii kwa miaka, alikuwa ameona wazee wakija na jani lile refu la kijani, lililofungwa fundo, na aliona jinsi ugomvi wa mashamba na wa damu ulivyonyamaza mbele yake. Anayeletewa isale hakatai. Na akishalipokea, neno lile halitajwi tena, si kwa hasira wala kwa swali. Limekwisha.

Majirani walikuwa wamesimama. Mzee Gadiel wa kanisani alikuwa amevua kofia. Lesikar alilinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nimekosa," alisema. "Nimekuja kwa njia ya kwenu."

Elihuruma aliutazama uso ule. Alimtafuta ndani yake mtu aliyeketi chini na kamba kiunoni siku ile Engutoto, na alidhani amemwona. Mkono wake ulitoka wenyewe, jinsi mkono wa mtu aliyelelewa Poli unavyotoka, akalipokea jani. Watu wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kifupi.

Ndipo akafungua mdomo. "Niambie mingine. Ule wa Rekha, ile ya kani..."

"Baba Naserian," Penina alimshika kiwiko. Uso wake ulikuwa umejaa huruma, lakini alitikisa kichwa. "Umeshapokea."

"Ameshapokea," Mzee Gadiel akasema, kama mtu anayefunga mlango wa kanisa.

Elihuruma alimgeukia Lesikar. Katika macho yake aliona utulivu, wala hakuweza kujua kama ulikuwa utulivu wa mtu aliyesamehewa au wa mtu aliyepiga hesabu. Lesikar alikunywa chai. Alisifu chai. Alipoondoka alisema watoto wake wamepata chenso iliyotumika kwa mtu, wanafikiria kuanza kidogo kidogo, na Elihuruma akamtakia heri, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Wiki iliyofuata hakupanda mti wowote. Alichukua pikapu akaanza kuvizungukia visiki. Alikwenda nyuma ya hospitali kwa Rekha, akapita kanisani, akaingia shule, akashuka hadi Tengeru kwenye kisiki cha ule mkaratusi. Walinzi walimfungulia mageti bila kumwuliza, walimzoea. Alipiga magoti mbele ya kila kisiki, akasafisha majani makavu, akaingiza vidole.

Vyote vilikuwa vimeoza. Mvua na mchwa walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Cha shule kilimeguka mkononi kama mkate wa juzi. Cha kanisani kilikuwa na shimo linalomeza ngumi, na ndani yake uyoga. Hakuna kilichokuwa tofauti na kingine. Kama kuoza huko kulikuwepo siku ile alipowasha mashine, au kulikuja baadaye, kuzika kitu kilichokuwa kizima, hapakuwa na alama.

Kwenye kisiki cha mwisho alikaa hadi jioni ikaingia, vidole vyeusi, akivisugua kwenye suruali. Mlinzi alikuja akasimama mbele yake, akasema kitu. Elihuruma aliinua uso ili amwone midomo.

"Nasema, fundi, huu si ulisema mwenyewe umeoza? Unatafuta nini tena?"

"Natafuta mahali uoza ulipoanzia," Elihuruma alijibu, na akaingiza tena mkono.